Hermann von Wissmann: Historia ya Meli Moja ya Ziwa Nyasa na Istilahi za Manowari

Makala haya yametokana na barua. Mwalimu mmoja wa historia wa huko Tukuyu, Wilaya ya Rungwe, alituletea kurasa chache za tafsiri aliyotaka tumkagulie. Zilihusu Vita Kuu ya Kwanza katika nchi ya Wanyakyusa na pande za Ziwa Nyasa, naye alikuwa amezifasiri kutoka Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wake. Lugha ilikuwa safi, na sarufi haikuwa na kasoro ya kutajwa. Hata hivyo, mahali pawili palitusimamisha. Kwanza, iliandikwa kwamba meli ya vita ya Wajerumani ilikuwa ikitia nanga Tukuyu. Pili, meli hiyo hiyo iliitwa "manowari" katika ukurasa mmoja, "stima" katika ukurasa mwingine, na katika ukurasa wa mwisho ikaitwa "mharibifu".

Mwalimu mwenyewe hakuridhika na kazi yake, na ndiyo sababu alituandikia. Alieleza kwamba kitabu alichokuwa akikifasiri kilizitaja meli za vita za Ujerumani za aina mbalimbali, na miongoni mwazo zile ziitwazo kwa Kiingereza "destroyer". Kamusi yake ilimpa neno moja tu kwa zote. Swali lake lilikuwa hili: je, ile meli ya Ziwa Nyasa ilikuwa "destroyer"? Na kama haikuwa, mwanafunzi wa Rungwe aambiwe ilikuwa nini?

Tuliona kwamba swali hili haliwezi kujibiwa kwa neno moja. Jina la chombo hutokana na kazi yake, na kazi ya meli ile ilibadilika zaidi ya mara moja. Basi hapana budi kuisimulia historia yake kwanza, ndipo tuje kwenye istilahi.

Langenburg mbili

Tuanze na kosa la nanga, kwa kuwa ni kosa ambalo mfasiri yeyote anaweza kulifanya. Mji wa Tukuyu umejengwa katika nyanda za juu, chini ya Mlima Rungwe, katika nchi ya mvua nyingi, migomba na mashamba ya chai. Kutoka hapo hadi ufukweni mwa ziwa ni mteremko wa zaidi ya mita 1,000. Hakuna meli iliyowahi kutia nanga Tukuyu, wala haitatokea.

Chanzo cha kosa ni jina. Mwaka 1893 Wajerumani walianzisha kituo cha serikali ufukweni, upande wa kaskazini mashariki mwa ziwa, chini ya Milima ya Livingstone. Wakakiita Langenburg, kwa heshima ya mtu wa ukoo wa Hohenlohe-Langenburg aliyekuwa kiongozi wa chama cha ukoloni huko Ujerumani. Karibu na mwaka 1900 makao ya wilaya yalihamishiwa juu, mahali ambapo wenyeji walipaita Tukuyu. Wajerumani hawakubadili jina. Walilibeba wakalipandisha mlimani, wakaongeza neno "mpya", yaani Neu-Langenburg. Kile kituo cha ufukweni kikawa Langenburg ya Kale. Wilaya yote nayo iliendelea kuitwa Langenburg.

Kwa hiyo jina hilo moja laweza kumaanisha mambo matatu: kituo cha ufukweni, mji wa mlimani, au wilaya nzima. Kamusi haitamsaidia mfasiri hapa. Litakalomsaidia ni mwaka na mazingira ya habari. Ikiwa habari ni ya mwaka 1895 na inahusu nanga, Langenburg ni ya ufukweni. Ikiwa ni ya mwaka 1914 na inahusu boma, basi ni Tukuyu. Tena Waingereza walipoishika nchi waliiita wilaya hiyo Rungwe na kuyaacha makao yake Tukuyu, na mwaka 1972 sehemu ya chini, yenye bandari, ikafanywa wilaya ya peke yake, ndiyo Kyela. Mwanafunzi wa leo akisoma kwamba Rungwe ilikuwa na bandari atashangaa, na atakuwa na haki ya kushangaa, asipoelezwa jambo hili.

Meli iliyoletwa vipande vipande

Meli tunayoizungumzia ilipewa jina la Hermann von Wissmann. Huyu ndiye ofisa Mjerumani aliyeongoza majeshi yaliyowashinda Abushiri bin Salim na wenzake katika vita vya pwani vya mwaka 1888 na 1889, na baadaye, mwaka 1895, akawa gavana wa koloni. Fedha za kununulia meli zilichangwa Ujerumani kuanzia mwaka 1890, kwa madai ya kupiga vita biashara ya utumwa katika maziwa ya Afrika. Msomaji atatambua kwamba tangu mwanzo meli hii ilikuwa na sura mbili: waliochanga fedha waliambiwa ni chombo cha ukombozi, ilhali ilichukua jina la mtu aliyeitiisha pwani kwa mizinga.

Iliundwa Hamburg. Ziwa Nyasa halifikiki kwa meli kutoka baharini, kwa sababu mto Shire, unaotoka ziwani na kuungana na Zambezi, umekatwa na maporomoko. Kwa hiyo meli ilifunguliwa vipande, vipande vikapandishwa kwa mashua katika Zambezi na Shire ya chini, kisha vikachukuliwa na watu nchi kavu kuyazunguka maporomoko, na kuungwa upya upande wa juu. Mwaka 1893 ikaingia ziwani. Yafaa tukumbuke hapa kwamba kabla meli hii haijambeba mtu yeyote, ilikuwa imebebwa na watu.

Baadaye ikakabidhiwa serikali ya koloni. Kazi yake kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ya uchukuzi: maofisa, askari, barua, wamisionari, vyakula, nguo na vifaa vya ujenzi. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walikuwa wameingia nchi ya Wanyakyusa tangu mwaka 1891, na sehemu kubwa ya shehena za vituo vyao na za boma zilipita ziwani. Hapakuwa na reli kutoka Dar es Salaam hadi Tukuyu, wala hapajapata kuwa na reli ya kufika mjini humo. Njia ya ziwa, Shire na Zambezi ilikuwa ndiyo mlango wa nyuma wa koloni upande huo. Meli ilikuwa na mzinga mdogo, lakini mzinga haukuwa kazi yake ya kila siku. Tukiulizwa mwaka 1913 chombo hiki ni nini, jibu la haki lingekuwa: ni meli ya serikali ya uchukuzi, yenye silaha.

Kombora la Liuli

Mwezi wa Agosti 1914 vita vilipoanza Ulaya, Waingereza wa Nyasaland walikuwa na meli yao ziwani, jina lake Guendolen, iliyoshushwa majini mwaka 1899. Nahodha wake, Rhoades, alifahamiana vizuri na nahodha wa Wissmann, aitwaye Berndt. Habari za vita zilimfikia Rhoades mapema kwa simu ya maandishi. Berndt hazikumfikia.

Katikati ya mwezi huo Guendolen ilikwenda hadi Liuli, katika pwani ya mashariki ya ziwa. Wajerumani walipaita mahali hapo Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx, kwa sababu ya jabali lililoko majini lenye umbo linalofanana na sanamu ile ya Misri. Wissmann ilikuwa imepandishwa pwani kwa matengenezo. Guendolen ikapiga mizinga kwa mbali. Makombora ya kwanza yalikosa, kisha moja likapata. Berndt alitoka kwa mashua ndogo, amejaa hasira, kumwuliza mwenzake amepatwa na wazimu gani. Akaelezwa kwamba nchi zao zimo vitani, na kwamba yeye sasa ni mfungwa.

Magazeti ya London yaliitangaza habari hii kuwa ni ushindi wa wanamaji. Ni hapa ndipo jina la chombo linapoanza kuyumba. Meli ya uchukuzi iliyokuwa pwani, isiyoelea, ambayo nahodha wake hakujua kwamba kuna vita, iliingia katika habari kama manowari iliyoshindwa. Hatusemi kwamba magazeti yalidanganya, kwani meli ilikuwa na mzinga na ingeweza kutumiwa vitani. Tunasema kwamba jina lilipandishwa cheo siku ile ile chombo kilipolemazwa.

Wissmann haikuzama. Waingereza waliogopa kwamba yaweza kutengenezwa na kurudi majini. Kwa hiyo tarehe 30 Mei 1915 kikosi chao kilirudi Liuli chini ya ofisa wa wanamaji aitwaye Dennistoun, kikateremsha askari na kuiharibu zaidi. Vita vilipokwisha, Waingereza waliifufua, wakaipa jina la mfalme wao, King George V, ikafanya tena kazi ya uchukuzi katika ziwa lile lile. Mzinga mmoja wa Guendolen nao umewekwa kuwa ukumbusho Mangochi, nchini Malawi, karibu na mnara wa saa.

Mabega yaliyochukua nafasi ya meli

Simulizi nyingi za tukio hili huishia kwenye kichekesho cha manahodha wawili. Kwa mwalimu wa Rungwe hapo ndipo habari inapoanza, kwa sababu matokeo ya kombora la Liuli yalionekana Tukuyu.

Baada ya Agosti 1914 Wajerumani hawakuwa tena na meli ziwani. Waingereza waliweza kuwasafirisha askari wa Nyasaland kwa maji hadi Karonga, kaskazini. Wajerumani wa Neu-Langenburg, walipotaka kuishambulia Karonga, hawakuwa na njia ila ya miguu. Chini ya Kapteni von Langenn-Steinkeller waliteremka milimani, wakavuka mto Songwe uliokuwa mpaka, na tarehe 9 Septemba 1914 wakapigana na Waingereza katika eneo la Karonga. Walishindwa, wakarudi kwa hasara kubwa. Pande zote mbili Waafrika walikufa katika vita ambavyo hawakuvianzisha. Miezi michache baadaye, huko Nyasaland, mchungaji John Chilembwe aliandika kulalamika kwamba Waafrika wanaitwa kumwaga damu kwa ajili ya ugomvi usio wao, na Januari 1915 akaongoza uasi uliomgharimu maisha yake.

Kwa karibu miaka miwili boma la Tukuyu lilikaa bila mlango wa ziwa. Mwisho wa Mei 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kwa siku chache tu Neu-Langenburg ikawa mikononi mwao. Wajerumani waliondoka kuelekea Iringa. Northey alikuwa na faida ambayo adui yake aliipoteza Liuli: shehena zake zilifika kaskazini mwa ziwa kwa meli.

Lakini meli hukoma ufukweni. Kutoka hapo kwenda juu, na kutoka Tukuyu kwenda Njombe na mbele, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilichukuliwa kichwani au begani. Huko Nyasaland wachukuzi hao waliitwa tengatenga. Katika Afrika Mashariki ya Waingereza kikosi cha wachukuzi kiliacha jina lake katika mitaa ya miji, na Kariakoo ya Dar es Salaam ni ushahidi tunaoupitia kila siku. Waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu katika kazi hiyo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu kwa upande wa Waingereza pekee. Wajerumani nao waliwatumia wanaume, wanawake na vijana kama wapagazi, na hesabu ya vifo vyao haikuwekwa kwa uangalifu kama huo.

Hivyo basi mwanafunzi akiambiwa tu kwamba "manowari ya Wajerumani ilipigwa Liuli", atafikiri Wajerumani walipoteza mzinga. Akiambiwa kwamba meli pekee ya uchukuzi ya Wajerumani katika ziwa ilipigwa Liuli, ataelewa kwa nini babu zake walifungiwa mizigo. Tofauti ya tafsiri hizi mbili ni neno moja tu, nalo ndilo linaloamua kama historia hiyo itamhusu au haitamhusu.

Neno manowari

Sasa tuje kwenye istilahi. Manowari ni neno la zamani katika pwani yetu. Asili yake ni maneno matatu ya Kiingereza ambayo mabaharia waliyatumia kuitaja meli ya kivita, na ambayo tafsiri yake ya moja kwa moja ni "mtu wa vita". Waswahili waliyasikia kama neno moja, wakalipa umbo la Kiswahili. Walikuwa na sababu ya kulijua. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliipiga kasri ya Zanzibar kwa muda usiotimia saa moja, na mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa. Kwa mtu aliyesimama pwani hapakuwa na haja ya kuuliza manowari ile ni ya daraja gani.

Ndiyo maana neno hili lilikaa likiwa la jumla. Lugha yetu ina hazina kubwa ya majina ya vyombo vya majini: jahazi, mashua, dau, ngalawa, mtepe, mtumbwi, merikebu, meli, stima. Kila kimoja kati ya vile vya wenyeji kina umbo lake, tanga lake na kazi yake, na hakuna mvuvi atakayekichanganya na kingine. Vyombo vya vita vya wageni vilipewa jina moja kwa sababu vilionekana kutoka upande mmoja tu, yaani upande wa kupigwa. Huu si upungufu wa Kiswahili. Lakini mfasiri na mwalimu wa leo wanahitaji zaidi ya hapo.

Tuchukue neno lililomsumbua mwalimu wetu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 mataifa ya Ulaya yalikuwa yameunda boti ndogo za mbio zilizobeba torpido, yaani kombora lipigalo mbio chini ya maji. Boti ndogo kama hiyo iliweza kuizamisha manowari kubwa ya gharama nyingi. Waingereza wakaunda chombo kikubwa na chepesi zaidi cha kuziangamiza boti hizo, na mmoja wa mifano ya kwanza, Havock, ulishushwa majini mwaka 1893, mwaka ule ule Wissmann ilipoingia Ziwa Nyasa. Jina lake kamili lilikuwa "mwangamizi wa boti za torpido". Mabaharia wakalifupisha, likabaki "mwangamizi" tu, na anayelisikia leo hajui ni mwangamizi wa nini.

Wajerumani hawakulifuata jina hilo upesi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vyombo vyao vya namna hiyo viliitwa rasmi boti za torpido, hata vile vilivyokuwa vikubwa. Waingereza waliokutana navyo baharini waliviita "destroyer". Kwa hiyo chombo kile kile chaweza kuwa na daraja mbili katika vitabu viwili, na mfasiri asidhani kwamba mmoja wa waandishi amekosea. Ilikuwa katika miaka ya 1930 ndipo Wajerumani walipolitumia rasmi neno lao lenye maana hiyo, Zerstörer, kwa meli mpya zilizoanza kazi mwaka 1937.

Historia ya meli hizo mpya inathibitisha hoja yetu kutoka upande wa pili. Aprili 1940 Wajerumani waliivamia Norway, na meli 10 za daraja hilo zilitumwa kwenye bandari ya Narvik. Zilikwenda kufanya nini? Zilikwenda kupeleka askari wa milimani wapatao 2,000. Zilipokwisha kuwateremsha, zilichelewa kuondoka kwa upungufu wa mafuta, na wanamaji wa Uingereza wakazikuta ndani ya ghuba. Mbili ziliangamia tarehe 10 Aprili, na nane zilizobaki tarehe 13 Aprili. Huko Liuli meli ya uchukuzi ilipigwa kama manowari. Huko Narvik manowari zilipotea kwa kufanya kazi ya uchukuzi. Daraja lililoandikwa katika daftari la wanamaji halimwambii msomaji chombo kilikuwa kikifanya nini siku ya tukio.

Tahadhari kwa wafasiri

Kabla ya kutoa mapendekezo, tutaje makosa matatu mengine tuliyoyakuta mara kwa mara katika tafsiri za habari hizi.

Kwanza, ni kuchanganya Wissmann mbili. Hermann von Wissmann ilikuwa ya Ziwa Nyasa. Katika Ziwa Tanganyika palikuwa na Hedwig von Wissmann, iliyopewa jina la mkewe, nayo ilizamishwa na Waingereza tarehe 9 Februari 1916. Mfasiri akiandika "Wissmann" peke yake, msomaji atazihamisha meli kutoka ziwa moja hadi jingine.

Pili, ni kuiita Königsberg jina lile lile la "destroyer". Königsberg, iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914 na kuishia katika delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, ilikuwa manowari ya doria ya masafa marefu, na ni kubwa zaidi. Mizinga yake 10 iliopolewa, ikatiwa magurudumu na kutumiwa nchi kavu. Mfasiri akikuta "mzinga wa manowari" katika habari za vita vya bara, asidhani pana kosa la chapa.

Tatu, ni kusahau kwamba meli hubadili majina. Goetzen ya Ziwa Tanganyika, iliyozamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 na kuopolewa na Waingereza mwaka 1924, ndiyo Liemba iliyoanza kazi mwaka 1927. Wissmann ndiyo King George V. Jina la kwanza na la pili yatajwe yote mawili, pamoja na miaka yake.

Mapendekezo

Haya ni maoni yetu, tunayoyaleta mbele ya wasomaji ili yajadiliwe, si uamuzi.

Neno manowari libaki kuwa jina la jumla la meli iliyoundwa kwa ajili ya vita. Limekwisha kuzoeleka, na hakuna sababu ya kulitafutia mbadala.

Kwa "destroyer" tunashauri "manowari ya kusindikiza", kwa kuwa kazi yake kubwa tangu ilipobuniwa imekuwa kuzilinda meli nyingine, kwanza dhidi ya boti za torpido, na baadaye dhidi ya nyambizi na ndege. Tunalikataa neno "mharibifu". Katika Kiswahili mharibifu ni mtu wa kuharibu mali au kazi, na mzazi hulitumia kumkemea mtoto. "Mwangamizi" lina nguvu zaidi, lakini lina kasoro ile ile ya Kiingereza: halisemi linamwangamiza nani, na kila meli ya vita huangamiza.

Kwa meli kama Königsberg tunashauri "manowari ya doria". Kwa chombo kidogo kilichoundwa hasa kwa ajili ya kubeba mizinga katika mito na maziwa, "boti ya mizinga" latosha. Na kwa chombo cha uchukuzi kilichotiwa silaha, iandikwe hivyo hivyo: "meli ya uchukuzi yenye silaha". Ni maneno matano, na wako watakaosema ni marefu. Lakini istilahi fupi inayopotosha haina faida juu ya ndefu inayoeleza.

Jibu letu kwa mwalimu wa Tukuyu, basi, lilikuwa hili. Hermann von Wissmann haikuwa "destroyer", wala haikutia nanga Tukuyu. Kuanzia 1893 hadi Agosti 1914 aiite meli ya uchukuzi yenye silaha, yenye kituo Langenburg ya Kale kwanza na kutumia bandari za ziwa kwa ajili ya Tukuyu baadaye. Akifika kwenye habari za Liuli, aeleze kwamba Waingereza waliihesabu kuwa manowari, na aeleze kwa nini. Kisha, kabla hajaifunga sura hiyo, aandike aya moja ya wachukuzi, na kwa ajili yao atumie maneno ambayo tayari yamo katika lugha zetu: wapagazi, tengatenga, kariakoo.

Alituandikia tena kwamba ameisahihisha tafsiri, na kwamba amewaagiza wanafunzi waulize nyumbani maneno ambayo wazee wa Kinyakyusa walikuwa wakiyatumia kwa meli, kwa mzinga na kwa mchukuzi wa vita. Tumemwomba atuletee orodha hiyo. Wasomaji wa Kyela, Ludewa, Nyasa na Karonga walio na maneno ya namna hiyo, au wenye hoja ya kuyapinga mapendekezo yetu, tunawaomba nao watuandikie.